Wa Pili Kutoka Mwisho



Waingereza wana maneno ya kuhesabu kwa kurudi nyuma: kilicho cha pili kutoka mwisho ni “penultimate”, cha tatu “antepenultimate”. Sisi tuliosoma Kilatini seminarini twalijua shina lake: “paene ultima”, yaani karibu ya mwisho. Kiswahili hakina neno moja la nafasi hiyo. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, wa mwisho ni kitinda mimba. Anayemtangulia kitinda mimba hana jina.

Hata hivyo, lugha yetu imeipa nafasi hiyo heshima ipitayo jina: mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema U-PA-nga, Muhi-MBI-li. Yako machache yanayotoka katika kanuni hii, nayo hutufundisha uzito wake. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari. Ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Mkazo ukihama, maana huhama nao.

Kanisa nalo limeweka mkazo pale pale. Mwaka 2016 hayati Papa Fransisko aliitenga Dominika ya 33, ya pili kutoka mwisho wa mwaka wa liturujia, iwe Siku ya Maskini Duniani. Iliadhimishwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 2017. Juma linalofuata ni Sherehe ya Kristo Mfalme. Maskini hutangulia, kisha Mfalme. Kwa maana Mfalme wa Mathayo sura ya 25 atatuuliza habari za wenye njaa, wageni na wagonjwa.

Nasi tukiri kosa letu. Mara nyingi Dominika hiyo tumeiacha imezwe na matangazo ya sare za kwaya, maandamano na chakula cha sherehe ijayo. Kwa maoni yetu, huko ni kuweka mkazo mahali pasipo pake.

Basi mwaka huu kila Jumuiya Ndogo Ndogo ianze na maskini: mgonjwa wa Muhimbili asiye na ndugu wa kumletea uji, msukuma mkokoteni wa Kariakoo alalaye barazani. Tumjue kwa jina, tumkaribishe mezani, ndipo tutandike vitambaa vya sherehe. Neno lililokosewa mkazo husikika lisieleweke. Na ibada yetu ni vivyo hivyo.

Mungu awabariki.