WANAOMCHEKA MWANAFUNZI WA URUBANI

Tumesikia maneno mengi juu ya yule kijana aliyevunja gurudumu la mbele la ndege ya mafunzo alipokuwa akitua peke yake. Hakuumia, wala hakumwumiza mtu. Lakini vumbi halijatulia, mabingwa wa barazani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: "Tulisema sisi! Kurusha ndege si kazi ya watu wetu." Na maneno hayo hayakutoka kinywani mwa mgeni. Yametoka kwa ndugu zetu wenyewe, wenye tai shingoni.

Hiyo ni kasumba, nasi hatutaikalia kimya.

Kwanza tueleze lililotokea, maana wanaocheka hawalijui. Ndege ndogo kama Cessna 172 ina magurudumu matatu. Mawili yaliyo chini ya tumbo ndiyo yaliyoundwa kubeba kishindo cha kutua. Lile la mbele ni dhaifu. Rubani huja kwa mwendo wa maili 75 hivi kwa saa, na akiikaribia ardhi huinua pua polepole, akaiacha ndege ikae yenyewe. Akija kwa kasi mno, ndege hudunda kama mpira. Hapo ndipo penye mtego. Mwanafunzi kwa hofu husukuma usukani mbele ili aishushe kwa nguvu. Gurudumu dhaifu likatangulia kupiga ardhi, ndege ikadunda tena juu zaidi, na mara ya pili au ya tatu mguu huvunjika, pangaboi likachimba ardhi. Dawa yake yajulikana: kuituliza pua, kuipa injini nguvu zote, kupaa na kuzunguka ili kujaribu upya. Kusema ni rahisi. Kutenda kwahitaji mazoea, na nafasi yenyewe ni sekunde mbili tatu tu.

Je, hili ni la Mwafrika peke yake? Tarehe 14 Desemba 1903 Wilbur Wright aliruka kwa sekunde 3 na nusu tu, ndege ikapiga mchanga na kuharibika. Siku tatu baadaye aliruka sekunde 59, na alipotua akavunja sehemu ya mbele. Hatujasikia mtu aliyesema kwamba Wazungu waache kuruka.

Mwaka 1925 Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani kiliandika kwamba watu weusi wana upungufu wa akili na ujasiri. Julai 1941 vijana weusi 13 walianza mafunzo ya urubani kule Tuskegee; Machi 1942 waliofuzu walikuwa 5. Kwa hesabu ya wale wa barazani, chuo kingefungwa siku ile ile. Hakikufungwa, na kufikia mwaka 1946 kilikuwa kimetoa marubani karibu 1,000.

Sisi tuliosomea ualimu twajua jambo moja: mtoto anayechekwa ubaoni hujifunza kuficha. Akificha hesabu mbovu, hasara ni yake. Lakini mwanafunzi wa urubani akificha kishindo, akaiacha ndege yenye mguu uliopasuka bila kumwambia fundi, atakayeumia ni mwenzake wa kesho asubuhi. Hata injini ambayo pangaboi lake limepiga ardhi yapasa ifunguliwe na kukaguliwa, japo yanguruma vizuri. Basi wachekaji hawa, kwa ujinga wao, wanawafundisha vijana wetu kunyamaza.

Na wakubwa wanaotaka afukuzwe, twawauliza: alitua mara ngapi na mwalimu wake kabla ya kuachiwa peke yake? Alifundishwa lini kupaa tena baada ya kudunda? Vijana wangapi wanagombea ndege moja? Majibu yaandikwe, nayo maelezo ya kijana yasomwe mbele ya wanafunzi wenzake wote, kisha arudishwe hewani na mwalimu pembeni.

Tumeambiwa shauri lake litakatwa wiki hii. Tutakuwapo mlangoni.