Foleni, Mlolongo au Umati? Nafasi ya Kiswahili katika Utafiti wa Operesheni

Zipo shahada za uzamili ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzipita kama apitavyo duka la vipuri vya magari: anajua lina wateja wake, ila yeye si mmoja wao. Utafiti wa operesheni na uhandisi wa mifumo ya viwanda ni miongoni mwazo. Aghalabu hudhaniwa kuwa huko ni kwa wenye hesabu, na kwamba mtu wa fasihi au isimu akibisha hodi hatakuwa na la kusema. Dhana hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe inawagharimu watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo kikuu.

Kwa ufupi, fani hii huchunguza namna ya kufanya maamuzi: meli ngapi zisafiri pamoja, dawa kiasi gani ziwekwe ghalani, feri ing'oe nanga lini na ikiwa na watu wangapi. Ilipata jina lake nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasayansi wa kituo cha Bawdsey walipotakiwa kutafuta jinsi rada, chombo kipya wakati huo, kingeweza kuwafaa wanajeshi katika kazi halisi. Vita vilipopamba moto, mwanafizikia Patrick Blackett, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, aliongoza watafiti walioonyesha, mathalani, kwamba misafara mikubwa ya meli ilipata hasara ndogo kwa uwiano kuliko misafara midogo.

Baada ya vita, fani ikaingia vyuoni, na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa lugha wangestahili kulijua mapema. Miongoni mwa programu za kwanza za uzamili na uzamivu katika fani hii ni ile iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika Case Institute of Technology, mjini Cleveland, Marekani. Waasisi wake wakuu, C. West Churchman na Russell Ackoff, wote wawili walikuwa na shahada za uzamivu katika falsafa. Naam, falsafa! Na mwaka 1979 Ackoff huyohuyo alichapisha makala mawili makali akiishutumu fani aliyoilea. Alidai kwamba imezama katika mbinu za kihisabati na kusahau kuwa wasimamizi hawakabiliwi na matatizo yaliyojitenga kama maswali ya mtihani, bali na vurugu la matatizo yaliyofumana.

Kati ya vurugu hilo na mlinganyo wa kwanza pana hatua moja, nayo ni hatua ya lugha. Mtu hueleza shida yake kwa maneno. Mtafiti huyasikiliza, akaamua yapi yageuzwe kuwa namba, yapi yawe masharti na yapi yaachwe. Nchini Kenya, maneno hayo mara nyingi husemwa kwa Kiswahili: na nahodha, na karani wa bohari, na makanga, na mama anayesubiri dawa. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza. Kinachodondoka njiani baina ya lugha hizo mbili hakionekani katika sura yoyote ya tasnifu, wala mtahini haulizi.

Mfano ulio wazi ni kivuko cha Likoni, Mombasa. Mwanafunzi wa fani hii akifika pale atakumbuka mara moja nadharia iliyoasisiwa na Agner Krarup Erlang, aliyechapisha mwaka 1909 uchunguzi wake kuhusu simu za jiji la Copenhagen. Kwa Kiswahili nadharia hiyo huweza kuitwa nadharia ya foleni, na jina linaelekea kufaa. Lakini je, Likoni pana foleni? Magari ndiyo, yanapanga foleni. Waendao kwa miguu hawalipi nauli, kwa hiyo hakuna tikiti ya kuwahesabia wala kuwapanga. Hukusanyika, hungoja lango lifunguliwe, kisha husonga kwa pamoja. Foleni ina utaratibu wake: aliyetangulia ndiye atangulizwaye. Ule ni umati, na ndani ya umati atanguliaye ni mwenye bega pana na mzigo mwepesi. Mzee, mjamzito na mwenye kiti cha magurudumu hawasubiri muda ule ule wausubirio wengine, hata kama walifika dakika moja. Nadharia yenyewe inalo tawi linaloshughulikia wateja wanaohudumiwa kwa mafungu, ila mtafiti aliyekwisha kuandika "foleni" katika daftari lake siku ya kwanza ana hatari ya kuwahesabu watu wa Likoni kama simu za Copenhagen.

Wala "mlolongo" haliwezi kuchukuliwa ovyo likawekwa badala yake. Mkenya mwenye umri wa kutosha akilisikia neno hilo hukumbuka uchaguzi wa mwaka 1988, wapiga kura walipopangwa nyuma ya wagombea au mawakala wao, na malalamiko yakazagaa kwamba milolongo mifupi ilitangazwa kuishinda mirefu.

Suala la masharti ni zito zaidi. Katika modeli, kila uamuzi una mipaka usiyoruhusiwa kuivuka, na wengi wakiombwa kuliita jambo hili kwa Kiswahili hukimbilia "kikwazo" au "kizuizi". Uteuzi huo ni mbaya. Kikwazo ni kitu ambacho mtu hodari hukiruka, hata akasifiwa kwa kukiruka. Sharti likivunjwa, shughuli nzima imebatilika. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa katika chombo ni sharti. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa imebeba watu kupita uwezo wake ilipinduka katika kivuko cha Mtongwe, na watu 272 wakaangamia. Hapana anayedai kwamba istilahi ingewaokoa. Hata hivyo, mhandisi anayefunzwa kuiita idadi hiyo kikwazo amekwisha kufunzwa pia jinsi ya kuitazama.

Istilahi nyingine zinahitaji historia zaidi ya kamusi. Mbinu ambayo George Dantzig aliiwekea msingi mwaka 1947 alipokuwa akifanya kazi katika jeshi la anga la Marekani ingeweza kutafsiriwa upesi kuwa "programu ya mstari", na msomaji akadhani ni habari ya kompyuta. Katika lugha ya jeshi lile, neno hilo lilimaanisha mipango ya mafunzo na ugavi. "Upangaji wa kimstari" uko karibu zaidi na ukweli.

Kuna watakaosema kwamba kazi hii ni ya kamati za istilahi. Kamati zina heshima yake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Lakini istilahi isiyotumiwa katika tasnifu hubaki rafuni, na tofauti baina ya foleni na umati haivumbuliwi na kamati iliyoketi hotelini. Huvumbuliwa na mtu aliyesimama langoni saa kumi na mbili asubuhi na mwenye sikio la lugha. Mtu huyo anaweza kusikia hata yale ambayo dodoso haliyasikii. Mtafiti akimuuliza mzee wa Likoni kama anaridhika na muda wa kusubiri, akampa alama moja hadi tano achague, huenda mzee akajibu, "Tumezoea, mwanangu." Jibu hilo litiwe wapi? Msaidizi aliyechoka ataandika tatu, na wastani utatoka ukiwa mzuri kabisa.

Idara za Kiswahili nazo zina lawama yao. Tasnifu juu ya dhamira na wahusika katika riwaya zilezile zimerundikana hadi watahini wanazitambua kwa harufu, ilhali hapo jirani, katika jengo la uhandisi, mahojiano ya Kiswahili yanatafsiriwa na yeyote aliye karibu, bila kutajwa jina wala kusahihishwa. Vyuo vingeweza kuanza na jambo dogo: kila tasnifu ya utafiti wa operesheni inayotegemea mahojiano ya Kiswahili iwe na maelezo ya tatizo kwa Kiswahili, kurasa tano hivi, yatakayosomwa mbele ya wenye shida yao kabla ya mlinganyo wowote kuandikwa, na mtahini mmoja atoke idara ya Kiswahili. Tasnifu za usafiri zingefaa kutangulia, kwa kuwa kwazo mahojiano ya Kiswahili yapo tayari, na kinachokosekana ni mtu wa kuyasoma.