Sadaka ya Mwenye Duka Ipangwe Mapema

Ramadhani inapokaribia, mwenye duka dogo wa Visiwani huingia katika shida ambayo mwenye ghala kubwa haijui. Ndio msimu wake wa kuuza tende, sukari na unga wa ngano; lakini ndio pia wakati ambapo kila mkono humwelekea yeye. Msikiti wataka futari, madrasa yataka kanzu za watoto, mjane wa jirani anangojea mchele wake, jamaa wa shamba wamekwisha kuleta salamu, na kijana anayemsaidia dukani anatazamia mkono wa Idi. Asiyejipanga hutoa kwa haya. Na atoaye kwa haya humpa aliyepaza sauti, akamsahau aliyenyamaza.

Hatuna budi kutenganisha mambo ambayo wafanya biashara wengi huyachanganya katika mfuko mmoja. Zakatul-fitri ni pishi moja ya chakula, kwetu mchele, kwa kila mtu aliye chini ya ulezi wake, nayo yatakiwa itoke kabla ya sala ya Idi. Pishi ni kiasi cha kilo mbili na nusu. Nyumba ya watu 7 haizidi kilo 18. Hilo halimlemei mtu.

Zaka ya mali ya biashara ni jambo jingine kabisa. Hiyo huhesabiwa mwaka wa mwandamo unapotimia, kwa bei ya siku hiyo: bidhaa zilizomo dukani, fedha taslimu, na madeni yanayotarajiwa kulipwa. Mizani, makabati na jokofu havimo. Mali ikifikia nisabu, ambayo wengi huikadiria kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutolewa asilimia 2.5. Mwenye mali ya shilingi milioni 40 zaka yake ni milioni moja. Akisubiri mwisho wa mwaka, milioni hiyo itatoka katika fedha ya kununulia bidhaa. Akiweka kando shilingi 20,000 kila Ijumaa, Ijumaa 50 zinatosha, na mwaka wa mwandamo hauna chini ya hizo. Wengi wenye vibanda hawafikii nisabu. Hao wasijilazimishe kukopa ili waonekane wametoa.

Yafaa ieleweke pia kwamba mshahara si sadaka. Tumeona watu wakigawa mapolo ya mchele hadharani huku vijana wao wa dukani wakidai ujira wa miezi miwili. Huo si ukarimu, ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya Idi. Kwanza alipwe mfanya kazi haki yake, kisha apewe mkono wa Idi, nao usikatwe katika zaka. Vivyo hivyo daftari la mikopo: kumsamehe maskini deni ni wema mkubwa, lakini wanavyuoni wengi hawakubali deni lililosamehewa lihesabiwe kuwa zaka.

Jambo la kupanga watu foleni mlangoni mwa duka nalo halifai kuendelea. Mwezi wa Aprili 2023, katika mji wa Sana'a huko Yemen, watu zaidi ya 70 walikufa kwa kukanyagana katika skuli moja, walipokwenda kupokea fedha za wafanya biashara siku chache kabla ya Idi. Wale walitoa kwa nia njema. Kwetu sheha anazijua nyumba za shehia yake, maimamu wanawajua wajane wao, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayopokea zaka. Kilo tano zikifikishwa nyumbani jioni, bila ya mpiga picha, zinatosha. (Kwa nini mpokeaji ndiye apigwe picha, wala si mtoaji peke yake, hatujapata kuelezwa.)

Na viongozi wetu nao wajirekebishe. Barua ya kuomba mchango, iliyopigwa muhuri na kuletwa dukani katika kumi la mwisho, haiombi, inaamuru. Mwenye duka huiogopa kwa sababu leseni yake inapita katika ofisi kama hizo. Anayetaka mchango wa hiari na auombe mapema, tena aikubali hapana.

Haya yanazidi uzito kwa kuwa miaka hii Idi inaangukia karibu na masika, wakati wageni wanapopungua na mauzo kulala. Duka lililotoa mtaji wake wote katika sikukuu huingia mvuani na rafu tupu. Aidha, Ramadhani husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, ilhali kodi ya pango na leseni hufuata miladi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mwenye duka anayepanga kwa kalenda ya ukutani peke yake atajikuta anadaiwa futari mbili kwa mapato ya mwaka mmoja.