Mwacheni Mjusi, Sumu Haiko Kwake

Kuanzia Lodwar hadi Kakuma, muulize mtoto yeyote wa shule ya msingi mjusi ni mnyama wa namna gani, naye atakujibu bila kusita: ana sumu. Akikuuma unakufa. Akidondokea kwenye sufuria, chakula chote kimwagwe. Akikukojolea, ngozi inachubuka. Jibu hilo utalipata Kanamkemer, utalipata Nakwamekwi, na ukifika kambini Kakuma utalisikia kwa Kiswahili cha Wakongo, kwa Kisomali na kwa Kiarabu cha Juba. Watu waliotoka nchi mbalimbali, wenye dini na mila mbalimbali, wamekubaliana juu ya jambo hili moja. Na wote wamekosea.

Hakuna mjusi katika kaunti ya Turkana, wala katika Kenya nzima, mwenye sumu ya kumuua mtu. Si yule mweupe wa darini anayewinda wadudu kwenye taa, si yule wa kiume mwenye kichwa chekundu anayepiga pushapu juu ya jiwe, wala si wale wembamba wenye mistari wanaokimbia kwenye nyasi. Mijusi wanaojulikana kwa kumdhuru mtu kwa sumu ya meno ni wale wazito wa jamii ya Heloderma, wanaoishi kusini magharibi mwa Marekani, Mexico na sehemu za Amerika ya Kati. Ajabu ni kwamba hata mate ya mmoja wao yamegeuka kuwa tiba: kutokana nayo ilipatikana exenatide, dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Kenge wetu ni jambo jingine kidogo. Wanasayansi wamepata kwenye taya za jamii yake tezi zenye kemikali zinazofanana na sumu, na bado wanabishana kuhusu kazi yake. Lakini kinachomuumiza mtu aliyeng'atwa na kenge ni meno, kucha na uchafu unaoingia kwenye kidonda. Mheshimu kenge kama unavyomheshimu mbwa usiyemjua.

Ninaotaka kuwatetea hasa ni wale wadogo wa uwandani, kwa sababu ndio wanaopigwa mawe kila siku na hawana wa kuwasemea. Kwenye nyasi na vichaka vya kati ya Lodwar na Kakuma wamo wa aina kadhaa, na kwa kuwa Kiswahili huwaita wote mjusi tu, nitawataja kwa majina ya wataalamu. Yupo Latastia longicaudata, ambaye mkia wake ni theluthi mbili ya urefu wake au zaidi. Yupo Heliobolus spekii, mdogo zaidi, mwenye mistari myepesi mgongoni, aliyepewa jina la msafiri John Hanning Speke. Na yupo Philochortus rudolfensis, ambaye H. W. Parker wa jumba la makumbusho la London alimweleza mwaka 1932, baada ya msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge kuyazuru maziwa ya Afrika Mashariki mwaka 1930 na 1931. Huyu bado amebeba jina la kikoloni la ziwa letu, ingawa ziwa lenyewe limeitwa Turkana tangu mwaka 1975.

Mtazame Latastia mmoja asubuhi kando ya barabara ya Kalokol, chini ya kichaka cha mswaki. Hatoki shimoni alfajiri. Hungoja jua lipashe mchanga, kwa sababu damu yake hupata moto kutoka nje. Akishapata joto hasimami. Hupiga hatua tatu nne, hunusa mchanga kwa ulimi, huchakura majani makavu kwa miguu ya mbele, hudaka mchwa au panzi mchanga, humtikisa, humeza. Kisha huchomoka kama mshale kuvuka mchanga ulio wazi hadi kwenye kivuli cha kichaka kinachofuata, na huko huanza upya. Mchanga ukishachoma sana hurudi shimoni. Mayai huyafukia ardhini na kuyaacha. Hana kiota cha kulinda, wala hana ugomvi na mtu.

Sasa tazama namna anavyojilinda, maana hapo ndipo uongo wa sumu unapoanguka. Mifupa ya mkia wake ina sehemu dhaifu zilizowekwa tayari kukatika. Adui akiushika, misuli hubana, mkia hukatika, na kipande kilichobaki hurukaruka peke yake huku mwenyewe akitoroka. Baadaye huota mwingine, lakini ndani yake hamna tena pingili za mfupa, bali gegedu, na mara nyingi rangi yake haifanani na ya kwanza. Kwa mnyama ambaye mkia ni theluthi mbili ya mwili, huko ni kulipa gharama kubwa mno ili kuokoa roho. Watoto wetu wakiuona mkia ukirukaruka husema hiyo ndiyo sumu inatoka. Ningewauliza: mwenye sumu angekubali kupoteza kiungo chake kwa kila kunguru na kila paka?

Jamaa yake wa Kalahari, Heliobolus lugubris, ametuachia ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 1977 Raymond Huey na Eric Pianka walieleza katika jarida la Science kwamba vitoto vya mjusi huyo ni vyeusi vyenye madoa meupe, na hutembea kwa kukakamaa huku vimebinua mgongo, vikiwaiga mbawakawa wanaorusha asidi kali. Vikikua, rangi ile hupotea na mwendo ule huachwa. Huyu ni mnyama anayejifanya mdudu ili aogopwe, kwa sababu mwenyewe hana silaha. Mbio, mashimo, mikia inayokatika na maigizo ni maisha ya asiye na sumu. Mwenye sumu kweli hujikunja mahali pamoja akakungoja umkanyage.

Na huyo tunaye. Kwenye mchanga na mawe ya Turkana kuna nyoka mdogo anayeitwa Echis pyramidum, ambaye mara nyingi hafiki hata urefu wa mkono wa mtu mzima. Hujikunja na kusugua magamba yake hadi yatoe sauti ya kuchacharika. Sumu yake huvuruga kuganda kwa damu, na aliyeumwa anaweza kuvuja damu hadi ndani ya mwili. Kuna swila anayetema. Kuna kifutu. Kuna nge chini ya mawe. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo duniani. Wengi wao ni watu wa mashambani na wafugaji, watu kama sisi.

Kuna wanaoniambia, "Si afadhali mtoto aogope kila kitambaacho? Akimwogopa mjusi na nyoka, hasara iko wapi?" Hasara ni kwamba mtoto hamkimbii mjusi. Humfukuza. Tumemfundisha kwamba kumuua ni ushujaa na ni kuilinda familia, basi anamfuata kichakani, anainua jiwe alikojificha, anapenyeza fimbo na wakati mwingine mkono kwenye shimo aliloingilia. Chini ya jiwe lile ndipo nge anapolala. Ndani ya shimo lile ndimo nyoka anamojihifadhi na jua. Kwa hiyo hofu ya mnyama asiyedhuru inawapeleka watoto wetu, viatu hawana, moja kwa moja kwa wanyama wanaodhuru. Mzee wa Turkana anaweza kuzisoma nyayo za ngamia aliyepita juzi na kukwambia kama ana mimba. Ujuzi wa namna hiyo umetokana na kutazama, na mimi nauheshimu sana. Hili la mjusi halikutokana na kutazama. Limerithiwa tu, na anayelirithi hana habari kwamba angeweza kulipima kwa macho yake.

Mizizi ya uongo huu, nadhani, iko jikoni. Maziwa yamekaa usiku kucha chomboni bila kifuniko. Asubuhi kuna mjusi ndani, amekufa. Watu walikwishakunywa kabla ya kumwona, na jioni tumbo linawasokota wote. Basi aliyeonekana ndiye mwenye hatia. Lakini mjusi alifuata nini pale? Alifuata nzi, na nzi walifuata chakula kilichoachwa wazi. Mjini Lodwar, mchana joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, na chakula kilichopikwa saa sita kikakaa hadi usiku katika joto hilo huwa kimejaa bakteria hata kama hakuna mjusi aliyekikaribia. Bakteria aina ya Staphylococcus huacha ndani ya chakula sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo mama anachemsha mchuzi tena akidhani ameusafisha, wanawe wanatapika, na lawama inakwenda darini.

Mjusi naye si msafi, hilo nakubali. Kama reptilia wengine, tumboni mwake anaweza kubeba Salmonella, na kinyesi chake kikiingia kwenye chakula kinaweza kumharisha mtu, mtoto mchanga hasa. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo mwaka 1975 kwa sababu watoto waliowachezea walikuwa wakiambukizwa. Hata hivyo, bakteria ni uchafu unaoondolewa kwa maji, sabuni na moto. Haihitaji fimbo. Kuku anayekula uani kwako hubeba Salmonella hiyohiyo, na sijasikia mtu akisema kuku ana sumu.

Tena kuna sumu halisi ya chakula ambayo Kenya inaijua kwa makaburi. Mwaka 2004, katika eneo la Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye aflatoxin. Hakuna aliyeiona sumu ile kwa macho. Turkana hula mahindi yaliyosafirishwa kutoka mbali na kukaa ghalani, na kambini Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, watu wengi wameishi kwa mgao. Ningefurahi kuona nusu ya bidii tunayoitumia kuwasaka mijusi ikihamia kwenye kukagua gunia la mahindi lililopata unyevu.

Sitanyamazia pia sumu inayosafiri upande wa pili, kutoka kwetu kwenda kwa mjusi. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kuenea kaskazini mwaka 2020, Turkana ikiwamo, serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walinyunyiza dawa kwa ndege na kwa mikono. Sisemi wangekaa tu huku malisho yakiliwa. Nasema tulipaswa kuuliza dawa hiyo inaua nini kingine. Madagascar waliuliza. Ralf Peveling na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu dawa ya fipronil iliyotumiwa dhidi ya nzige kisiwani humo. Dawa hiyo iliwaangamiza mchwa, na baada ya mchwa kupungua, mijusi wanaowategemea wakapungua pia, pamoja na mnyama mdogo mwenye miiba aitwaye tenreki. Haikuwa lazima dawa imguse mjusi mwenyewe. Ilitosha kumwondolea chakula.

Hapa kwetu vichuguu vinasimama kama minara kando ya barabara, kuanzia Lokichar hadi Kakuma, na mchwa hung'ang'ania jani lilelile kavu ambalo mbuzi analitaka wakati wa kiangazi. Anayewala mchwa hao mchana kutwa bila malipo ni huyuhuyu tunayempiga mawe. Siwezi kudai kwamba mijusi peke yao wataliokoa lisho la Turkana. Lakini mfugaji anayewaua anawaua wafanyakazi wake.

Kwa hiyo ninazo haja chache, na nazitaja kwa wahusika. Walimu wa Sayansi na Teknolojia, watoeni watoto nje ya darasa saa tatu asubuhi, muwatazame mijusi kutoka mbali, bila kuinua jiwe, na muwafundishe siku hiyohiyo picha ya Echis na la kufanya mtu akiumwa naye: asikatwe kwa wembe, asifungwe kamba, akimbizwe hospitali. Wahamasishaji wa afya ya jamii, mnaoingia nyumba kwa nyumba Lodwar na kambini, semeni wazi kwamba mjusi hana sumu, kisha mfundishe vifuniko. Wanaopanga mapambano ya nzige wajao, wahesabuni mijusi na mchwa kabla na baada ya kunyunyiza, na matokeo yatangazwe kwenye baraza.

Na wewe uliyemkuta mjusi ndani ya maziwa leo asubuhi: mtoe, usimpe mtoto maziwa hayo, yamwage, osha chombo kwa maji moto na sabuni, na kesho kifunike.