Vichezeo vya 'usonji' mtandaoni: Mzazi wa Newala analipia nini hasa?

Mzazi wa Masasi au Newala akiingia Instagram kutafuta msaada kwa mtoto mwenye usonji, haichukui muda anakutana navyo: spina za kuzungusha kwa vidole, 'pop it' za kubonyeza, mipira laini ya kuminya. Analipa kwa simu, mzigo unapanda basi kutoka Dar.

Vichezeo vyenyewe havina kosa. Tatizo ni maelezo yake: eti vinatibu usonji, vinaongeza umakini.

Madai hayo yalishika kasi 2017, spina zilipovuma duniani. Mwaka huohuo, jarida la kitabibu la Current Opinion in Pediatrics lilichapisha mapitio ya tafiti, na hayakukuta ushahidi kwamba spina zinafanya kazi hiyo. Usonji wenyewe siyo ugonjwa wa kupona kwa kununua kitu.

Hata hivyo, mikono inahitaji kitu. Watu wengi wenye usonji, watoto kwa wakubwa, huzidiwa na kelele, mwanga au msongamano, na kurudiarudia mguso uleule huwatuliza baadhi yao. Kinachosaidia hapo ni mguso, siyo maandishi ya kwenye boksi. Na vitu vya kushika uwanda wa Makonde havijawahi kukosekana: komwe za bao, udongo wa kufinyanga, kipande cha mpingo kilichopigwa msasa mpaka kikawa laini.

Tahadhari zipo. Komwe ni ndogo, mtoto anayetia vitu mdomoni asipewe. Spina zenye betri vilevile. Korosho ghafi ndiyo kabisa, mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi.

Hela ya kichezeo kimoja inaweza isiumize, hasa msimu wa korosho. Kinachouma ni muda. Mzazi anayeamini amenunua tiba anaweza kukaa miezi akisubiri matokeo, wakati mtoto hajaonwa na daktari wala hajaanza mazoezi ya kuongea, na miaka ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kumsaidia.

Halafu kuna shule. Mwaka 2017 shule nyingi za Marekani na Uingereza zilipiga marufuku spina kwa sababu darasa zima lilikuwa linacheza. Mwalimu wa hapa naye, mwenye darasa lililojaa, akiona mtoto anazungusha komwe atadhani ni utundu. Mzazi amweleze mapema, kabla komwe haijanyang'anywa.