Kutu ya Pesa ya Shaba: Daraja Moja Halitoshi

Katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002, si ajabu jembe au mvua ya masika kufukua kipande cha shaba kilichokaa ardhini zaidi ya miaka mia moja. Sarafu za kale za shaba ziokotwazo sehemu za bara aghalabu ni za namna mbili: pesa za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizopigwa chapa katika miaka ya 1890, 1891 na 1892, na heller zilizoanza kutolewa mwaka 1904, wakati rupia moja ilipogawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Kodi ya nyumba iliyotangazwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1897 ilichangia sana kuzisambaza mbali na pwani. (Neno “pesa” lenyewe, ambalo leo ni la fedha yoyote, lilitoka Bara Hindi pamoja na sarafu iitwayo paisa.)

Kijana aliyeokota sarafu ya namna hiyo, ikiwa imevaa kutu ya kijani, kwa kawaida hutafuta ndimu, majivu au waya wa kusugulia sufuria. Baada ya nusu saa sarafu inang’aa. Majirani wanaisifu, na mnunuzi wa sokoni huenda akaipenda zaidi. Kumbe katika nusu saa hiyo sarafu imepoteza kitu ambacho miaka mia ya udongo haikukiondoa.

Jambo hili hueleweka vizuri kwa kemia ya kidato cha tatu. Shaba ikikaa mahali penye unyevu na oksijeni hujifunika kwanza kwa oksaidi nyekundu iliyoshikamana na metali. Juu ya tabaka hilo, maji na kaboni dioksaidi hujenga kabonati ya kijani, yaani malakaiti. Gramu 127 za shaba huzaa gramu 221 za malakaiti, na kwa kuwa malakaiti ni nyepesi kuliko shaba, ujazo wake unakaribia kuwa mara nne ya ujazo wa shaba iliyoliwa. Ndiyo sababu herufi za sarafu yenye kutu huonekana zimevimba na kuzibana. Lakini ile oksaidi nyekundu huchukua nafasi ya shaba taratibu, karibu palepale ilipokuwa, na mara nyingi huhifadhi umbo la uso wa asili. Kwa maneno mengine, maandishi yanayotafutwa huwa yamo ndani ya kutu, wala hayapo chini yake. Tindikali ya ndimu huyeyusha kutu yote, na maandishi huondoka nayo.

Hasara hiyo si ya kinadharia. Pesa ya Kampuni ina tai wa Kijerumani na mwaka wa Kizungu upande mmoja. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, kuna maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria: 1307, 1308 au 1309. Katika tarakimu za Kiarabu, 7 huandikwa kama pembe iliyofunguka juu, na 8 ni pembe hiyohiyo iliyopinduliwa. Basi kati ya sarafu ya mwaka 1890 na ile ya 1891, tofauti upande huo ni vijistari viwili vyembamba. Msuguo mmoja wa majivu watosha kuvifuta.

Ikiwa sarafu haisafishwi, itapimwaje ubora wake? Wakusanyaji wa Marekani wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu kuhusu senti zao za shaba za tangu mwaka 1793. William Sheldon, katika kitabu alichokitoa mwaka 1949, aliweka kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Kwa desturi iliyozoeleka miongoni mwa wakusanyaji wa senti hizo, mpimaji hutazama kwanza ukali wa chapa kana kwamba kutu haipo, kisha hupunguza alama kwa ajili ya kutu, vishimo na mikwaruzo. Kinachobaki ndicho daraja la mwisho.

Kwa mfanyabiashara utaratibu huo una manufaa, kwa sababu bei ni namba moja. Kwa shule haufai. Sarafu yenye ukali wa chapa wa 40 iliyoliwa na kutu hata ikashuka hadi 12, na sarafu safi iliyosagika mikononi mwa watu hata ikafika 12, hupewa daraja moja ilhali historia zao ni mbali kabisa. Ya kwanza ilipotea ingali mpya, haikuzunguka sana. Ya pili ilipita mikono mingi kabla ya kuanguka. Uchakavu hueleza maisha ya sarafu miongoni mwa watu, na kutu hueleza maisha yake ardhini. Kutoa kimoja kutoka katika kingine ni sawa na kutoa umri wa mtu kutoka katika kimo chake.

Kwa hiyo yafaa daftari la shule liwe na safu mbili zisizojumlishwa. Kuzitenganisha kwahitaji kioo cha kukuzia na mwanga wa ubavuni tu. Uchakavu huanza mahali palipoinuka: manyoya ya kifua cha tai hulainika kwanza, na sehemu za chini hubaki na umbo lake. Kutu haina heshima hiyo. Hutoboa bondeni na kileleni pia, na huacha vishimo vyenye kingo zisizo sawa. Uzito nao uandikwe, ila usiaminiwe haraka, maana kutu huongeza uzito kabla haijabanduka.

Ipo kutu moja ambayo haistahili kuachwa bila kuangaliwa. Nayo ni ya unga, ya kijani kilichopauka, itokeayo kama vidonda vidogo. Chanzo chake ni kloraidi ya shaba, na chumvi yake yaweza kutoka ardhini au katika jasho la vidole. Ikipata unyevu na oksijeni huzaa tindikali ya haidrokloriki, ambayo hushambulia shaba nyingine, na mzunguko huendelea hata sarafu ikawa vumbi. Dawa ya kwanza ni ukavu: kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja katika makasha ya viatu. Sarafu ishikwe kwa ukingo, na udongo uliolegea uondolewe kwa maji yaliyokenekwa na kijiti laini cha mti, kisha ikaushwe vizuri. Kazi zaidi ya hiyo ni ya wataalamu wa makumbusho.

Pesa ya 1890 haimo katika vitu vya kale kwa tafsiri ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo mpaka wake ni mwaka 1863. Sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa imo. Mwalimu atakayeletewa sarafu yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, pasipo tai wala mwaka wa Kizungu, hana budi kuifikisha kwa Idara ya Mambo ya Kale, ikiwa na kutu yake yote na maelezo ya mahali ilipookotwa.