Misaada nayo ivuke mpaka

Mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, Wakongo zaidi ya 70,000 walikimbilia Burundi. Wengi walivuka mto Rusizi na kufikia uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Mwaka huo huo Marekani ilikata fedha za misaada, na mgao wa chakula wa wakimbizi nchini ukapunguzwa kwa nusu.

Fedha zikipungua, dawa si kila shirika kuvuta kwake. Mara nyingi mkimbizi anayetoka Uvira, au mrejeaji anayetoka Nyarugusu kupitia Manyovu, huandikishwa upya kana kwamba amezaliwa siku hiyo. Sisi tuliosoma uhamishoni tunajua matokeo yake: mtoto asiye na karatasi za shule hurudishwa darasa la wadogo zake, na wengi huacha kabisa. Kipindupindu nacho hakiulizi pasi. Ziwa Tanganyika ni moja.

Tunayataka mashirika ya Uvira, Bujumbura na Kigoma yakae meza moja. Kadi ya chanjo na cheti cha shule vitambuliwe pande zote. Mahindi na maharage ya mgao yanunuliwe kwa wafanyabiashara wa mpakani, kwani yako karibu kuliko ya melini.

Mwaka 2015 Warundi tulipokimbia, Wakongo walitupokea Lusenda. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.